Haidroksiyurea na malaria kwa mtoto mwenye selimundu

Mama, uliuliza kama haidroksiyurea, dawa ya selimundu (sikoseli), itamfanya mwanao ashikwe na malaria mara kwa mara, kwa kuwa umesikia ni "dawa ya kansa" na inashusha kinga. Hofu hiyo hata madaktari walikuwa nayo, ndiyo maana ikapimwa hapa hapa Afrika.

Utafiti wa REACH, uliotoka mwaka 2019, uliwapa dawa hiyo watoto 606 wa mwaka 1 hadi 10 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Ukilinganisha na kipindi cha kabla ya dawa, malaria ilipungua kwa karibu nusu, maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, na kuongezewa damu kukashuka kutoka mara 43.3 hadi 14.2 kwa mwaka kwa kila watoto 100. Vifo pia vilipungua. Kweli, hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa kidonge kisicho na dawa ndani, lakini kabla yake Uganda walishafanya utafiti wenye kundi hilo, na malaria haikuongezeka.

Kinachotakiwa kuogopwa ni kumeza bila kupima. Dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe za damu (zinazopigana na maambukizi) na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), kwa hiyo damu ipimwe kabla ya kuanza na kila kliniki. Dozi huenda na uzito. Mtoto akikua, nayo ibadilishwe.

Chandarua na dawa ya kukinga malaria mliyopewa msiache. Akipata homa, hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.