Istanbul kwa mfuko mwembamba: siku sita nilizokaa huko

Ndugu uliyeuliza kama siku tano za Istanbul zinamtosha mtu mwenye fedha kidogo, jibu langu ni kwamba zinatosha, mradi usiipange safari kwa kufuata viingilio. Nilitokea Dar es Salaam nikidhani kwamba mji uliokuwa makao ya dola mbili, ya Warumi wa Mashariki na baadaye ya Waosmani, umefungiwa wote nyuma ya madirisha ya tiketi, na siku ya kwanza nikatumia fedha ambazo zingenilisha kwa siku mbili.

Kiingilio kimoja ningekilipa tena bila kusita: cha Hagia Sophia, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti, iliyojengwa mwaka 532 hadi 537 kwa amri ya Kaisari Justinian. Tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni hulipa euro 25 na kupandishwa roshani ya juu, ilhali anayekwenda kuswali huingia ukumbi wa chini bila malipo. Huko juu kuna mozaiki, yaani picha ya vijiwe vya rangi, ya Kristo akiwa kati ya Maria na Yohana Mbatizaji; sehemu kubwa ya chini imebanduka, lakini nyuso zimebaki, na fundi alizitia vivuli kana kwamba mwanga unaziangukia kutoka dirisha lililo kando yake. Kasri la Topkapi, makao ya zamani ya masultani, nililiacha, na kama fedha ni kidogo nakushauri nawe uliache.

Msikiti wa Süleymaniye, uliokamilishwa mwaka 1557 na msanifu majengo Mimar Sinan, hauna kiingilio chochote, na kwangu ndio uliokuwa kilele cha safari. Keti kwenye zulia uitazame kuba hadi shingo ichoke, kisha utoke uani, ambako Sultani Süleyman na mkewe Hürrem wamezikwa, kila mmoja katika kaburi lake lenye kuba. Ng'ambo ya barabara iko safu ya migahawa inayopika maharage yaliyoiva hadi kulainika kabisa, yanayoliwa kwa wali na pilipili zilizolowekwa kwenye siki. Nilikula hapo mara tatu, na kila mara nilitoka nimeshiba kwa fedha kidogo kuliko chai na keki karibu na Sultanahmet, mtaa wa watalii unaoizunguka Hagia Sophia.

Malazi yasiwe Sultanahmet. Mimi nililala Aksaray, vituo vichache kwa tramu ya T1, jirani na Laleli wanakonunua nguo wafanyabiashara wengi kutoka Afrika, na bei ilikuwa nafuu sana. Nunua kadi ya Istanbulkart siku ya kwanza, kwa kuwa hutumika kwenye tramu, metro, mabasi na vivuko.

Tenga asubuhi nzima kwa kuta za kale zilizojengwa mwanzoni mwa karne ya 5 chini ya Kaisari Theodosius II. Tramu ile ile ya T1 ina kituo kiitwacho Topkapı, ambacho kiko mbali na kasri la jina hilo, na ni eneo hilo la ukuta lililopigwa kwa mizinga ya Sultani Mehmed II wa Waosmani alipouteka mji mwaka 1453. Ukishuka kwa miguu kuelekea ngome ya Yedikule utakuta wakulima wamelima mboga ndani ya handaki la kale lililochimbwa mbele ya ukuta, matuta yamenyooka chini ya mawe yaliyomeguka, wala hakuna anayekudai chochote.

Tahadhari moja nakupa kwa uchungu. Mng'arisha viatu mmoja aliangusha brashi mbele yangu. Nikaiokota na kumrudishia, naye kwa shukrani akanisihi aning'arishie viatu, kisha akadai fedha za chakula cha siku nzima. Ukiona brashi imeanguka, pita.

Jioni panda kivuko cha kawaida kutoka Eminönü, kwenye mji wa kale, kwenda Üsküdar, upande wa Asia, ukae nje upande wa nyuma. Boti za watalii hutoza nauli iliyo kubwa mara kadhaa kwa maji yale yale, nawe kwa nauli ya kadi utaiona minara ya mji wa kale ikigeuka myeusi wakati adhana ya magharibi inaanza pande zote mbili za mlango-bahari wa Bosporus.