Akisema "Bwana Ameniambia", Muulize Yuko Chini ya Nani

Hapa Malindi, tangu Aprili 2023, mtu akitaja mamlaka ya Mungu mimbarani watu hutazamana kwanza. Msitu wa Shakahola si mbali nasi. Miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri Paul Mackenzie, wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa, ilifukuliwa kule, jamaa wakaja hospitalini hapa mjini kutoa sampuli za DNA, na familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Kesi naiachia mahakama. Kilichobaki kwetu ni swali ambalo vijana wa kikundi chetu cha maombi, Muyeye, hawachoki kuniuliza: kama mamlaka yote ni ya Mungu, mimi ni nani hata nimhoji mtumishi wake?

Mimi huwapeleka kwa akida wa Kapernaumu, ofisa wa jeshi la Kirumi, Mathayo sura ya 8. Mtumishi wake anaumwa, naye anamwambia Yesu asijisumbue kuja nyumbani, aseme neno tu. Wahubiri wengi hukimbilia imani yake, na ni sawa, lakini sababu aliyoitoa wanaipita mbio. "Mimi nami ni mtu niliye chini ya mamlaka," anasema, ndipo anawataja askari walio chini yake. Ameanza na walio juu yake. Anajua kwamba askari wanamtii kwa sababu ametumwa, na siku akijituma mwenyewe atabaki mtu na upanga wake tu. Hata Yesu alisema Mwana hawezi kutenda neno mwenyewe, ila lile analomwona Baba akilitenda. Sasa huyu nabii wa juzi asiyeulizwa na mtu, yeye kapata wapi mamlaka yake?

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotazama si miujiza wala sauti. Natazama ni nani anayeweza kumwambia mhubiri huyo "hapana" akanyamaza. Kanisani kwetu sadaka huhesabiwa na watu wawili palepale mezani baada ya ibada, noti za mia zinanyooshwa moja moja, sarafu zinapangwa kumi kumi, kisha wote wawili wanatia sahihi daftarini. Mchungaji hagusi. Wapo wanaonung'unika kwamba huko ni kukosa imani. Kwangu mimi daftari lile lenye pembe zilizokunjika linahubiri kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia.

Kuna mhubiri mgeni aliwahi kuja kwenye kikundi chetu akamwambia dada mmoja mwenye kisukari kwamba Bwana amesema aache dawa. Nikamwuliza, kwa adabu, mchungaji wake ni nani nimpigie simu. Akajibu kwamba yeye ametumwa na Roho Mtakatifu moja kwa moja, na kwamba nina roho ya uasi. Dada yule tulimsindikiza kliniki, dawa akaendelea nazo.

Hilo la uasi ndilo linalowafunga wengi mdomo. Usikubali. Yohana anaagiza roho zijaribiwe. Watu wa Beroya waliyapima maneno ya Paulo kwa Maandiko kila siku, na Luka anawasifu kwa hilo. Kunukuu mistari nako si hati ya kutumwa: juu ya kinara cha hekalu, Ibilisi alimnukulia Yesu Zaburi ya 91 ili ajitupe chini.

Watakuletea pia Petro: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Soma sura ile ya 5 ya Matendo mpaka mwisho. Waliosema hivyo ndio waliochapwa viboko, migongo yao wenyewe. Hawakumtuma mjane akachapwe kwa niaba yao. Mtu anapoutumia mstari huo, angalia ni nani anayelipa gharama: yeye, au mtoto wako anayekatazwa chakula, chanjo na shule? Na wakikutajia Ibrahimu na Isaka, wakumbushe kwamba mkono wenye kisu ulizuiwa, na aliyeuzuia ni Mungu.

Kuhusu serikali sina mengi. Warumi 13 inatutaka tuheshimu wenye mamlaka, kwa hiyo chifu akija kuuliza watoto wako wapi, kanisa lisilo na la kuficha humpa kiti.

Ukiletewa neno zito, la kuuza shamba, kuacha kazi au kufunga siku nyingi, jibu hivi: "Mchungaji, nimesikia. Niache niombe, nisome, niongee na mwenzangu na wazee wa kanisa, nitakuletea jibu Jumapili ijayo." Mtumishi wa Mungu atakupa hiyo wiki, tena atakuombea. Ukiambiwa ni lazima iwe usiku huu na usimwambie mtu, chukua watoto wako uondoke. Kuaga si lazima.