Jibu: 49ers walianguka vipi 2024?

Salama mkuu. Umeuliza inakuwaje San Francisco 49ers, timu ya futiboli ya Marekani (NFL), wacheze Super Bowl, yaani fainali ya ligi, Februari 2024, kisha msimu uliofuata wamalize na ushindi 6 na vipigo 11, na kama wa kulaumiwa ni Brock Purdy, mrusha mpira wao mkuu (quarterback).

Mimi timu ikiporomoka hivyo naanza na orodha ya majeruhi, sio rusha-roho za mitandaoni. Christian McCaffrey, mchezaji bora wa mashambulizi wa 2023, alicheza mechi 4 tu: kwanza kano za kisigino, baadaye goti. Brandon Aiyuk, mpokeaji wa pasi, naye aliumia goti Oktoba, msimu wake ukaishia hapo.

Halafu angalia robo ya nne, ya mwisho, ambako 49ers walipoteza mechi walizokuwa wakiongoza. Rams waliachwa 14-0 wakageuza, 27-24. Cardinals waliongozwa hadi mapumziko, wakashinda 24-23. Seahawks wakapata mguso (touchdown, alama 6) sekunde 12 kabla ya mwisho, 20-17. Wapinzani wote hao ni wa kundi moja na 49ers kwenye ligi, kwa hiyo kila kipigo kiliuma mara mbili.

Purdy ana makosa yake, lakini huwezi kumtwisha mzigo wote huo. Uongozi wenyewe ulibadilisha kocha wa ulinzi na wa timu maalumu (kikosi cha mipira ya mateke), wakamrudisha Robert Saleh, kocha wao wa zamani wa ulinzi. Anzia hapo.