Ubingwa wa Mizizi Hautaiponya Shingo Yako, Dokta

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa daktari wa meno kijana aliyeko wilayani: “Shikamoo dokta. Kung'oa kumenimaliza. Shingo inakaza, mkono wa kulia unakufa ganzi usiku. Nafikiria kusomea ubingwa wa tiba ya mizizi ya meno, nasikia ni kazi ya kukaa tu. Unanishaurije?”

Marahaba, mdogo wangu. Ubingwa huo ndio nilionao, na shingo yangu iliharibikia humo humo.

Unapong'oa, unakaza mkono kwa muda, jino linatoka, unanyoosha mgongo na kumwita anayefuata. Mzizi haukupi nafasi hiyo. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina mfereji wa nne ndani ya mizizi yake, mwembamba, wenye tabia ya kujificha. Kuutafuta kunakuinamisha kichwa, kunakuinua kiwiko, na faili, kile kisindano cha kusafishia mfereji, unaiminya kwa ncha za vidole mpaka unasahau kupumua. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo huko New York, alikokotoa kwamba ukikiinamisha nyuzi 60, shingo inabeba kama kilo 27. Huo ni mfuko wa unga wa kilo 25 na zaidi, umeuning'iniza shingoni huku unatafuta tundu usiloliona.

Nilifika mahali siwezi kugeuka kutazama nyuma nikirudisha gari. Nilipomwomba mwajiri wangu wa wakati huo msaidizi wa kudumu na kiti chenye egemeo, alicheka mbele ya wauguzi: “Daktari mzima unadeka?” Nilinyamaza. Sasa kliniki ni yangu, nina wasaidizi wawili, na hakuna anayecheka.

Aliyeniokoa ni mtaalamu wa fiziotherapia, mama mmoja mkali. Mazoezi aliyonipa yalisaidia, lakini dawa yenyewe ilitoka siku alipokuja kunitazama kazini. Alisimama mlangoni kimya, kisha: “Mgonjwa amekaa raha zake, wewe ndiye umejikunja. Kwa nini humlazi?”

Tangu hapo namlaza. Kwa meno ya juu anashuka chini kabisa, kidevu juu, mimi nakaa nyuma ya kichwa chake na kufanya kazi kwa kutazama kwenye kioo kidogo cha mdomoni. Wazee hulalamika, bibi mmoja aliniuliza kama nampimia jeneza. Namwambia, “Bibi, geuza uso kwangu kidogo,” anageuza. Wajawazito waliokaribia kujifungua tu ndio siwalazi chali, nawaegemeza upande wa kushoto. Kioo kitakutesa mwanzoni, unataka kulia mkono unakwenda kushoto. Vumilia.

Na nyie wengine mnaosoma, nisikilizeni. Mnakopa kununua gari, halafu miwani ya kukuzia mnaiita anasa! Wanaoinunua nao wanakimbilia ya bei rahisi, ambayo lenzi zake zinatazama mbele badala ya chini, ikawainamisha kuliko walivyokuwa. Lazeni wagonjwa. Tumieni kioo. Kati ya mgonjwa na mgonjwa simameni, nyoosheni mikono, hata kama foleni inanung'unika. Nimeshasema lazeni wagonjwa? Nasema tena.

Sasa huo mkono, mdogo wangu, usiufiche kwa kumeza vidonge. Angalia ni vidole gani vinakufa ganzi. Dole gumba, cha shahada na cha kati mara nyingi ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Kidole kidogo, shaka iende kwenye kiwiko. Shingo nayo inaweza kuleta yote hayo, ndiyo maana huwezi kujitibu kwa kubahatisha. Kapimwe kabla hujajaza fomu ya chuo, kwa sababu ganzi ya kifundo ikiachwa muda mrefu misuli ya dole gumba husinyaa, na hapo hata koleo la kung'olea hutalishika sawasawa.