Muulize Fundi: Vulcan ilikosa nini?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimetazama video za Vulcan XH558, ndege ya mabomu ya Uingereza, ikinguruma juu ya umati kwenye maonyesho. Naambiwa iliruka mara ya mwisho Oktoba 2015 ikiwa nzima. Mbona Spitfire, ndege ndogo ya kivita ya Vita vya Pili vya Dunia ambayo ni kongwe kuliko hiyo, mpaka leo inapaa? Au fedha ziliisha?

JIBU: Marahaba. Fedha iliwasumbua tangu mwanzo, ila siyo iliyoishusha.

Ndege hiyo ilipaa mara ya kwanza mwaka 1960. Jeshi liliiacha 1993, ikakaa chini hadi Oktoba 2007, michango ya wananchi na ruzuku ya fedha za bahati nasibu zilipoirudisha angani. Sasa, mamlaka ya anga ya Uingereza huiweka kwenye kundi la ndege tata. Mwenye ndege ya namna hiyo harushi kwa kuwa na rubani na mafuta tu. Lazima kampuni zinazoujua usanifu wake zikubali kuisimamia. Kwa Vulcan zilikuwa tatu: BAE Systems, Marshall na Rolls-Royce. Mwaka 2015 zikasema basi. Mwili wake ulikuwa na saa nyingi za kuruka kuliko Vulcan nyingine yoyote, na watu walioijua kwa mikono walikuwa wanazeeka. Mimi ningekuwa kwenye kiti chao, nisingetia sahihi.

Spitfire ni habari nyingine. Ziliundwa zaidi ya 20,000, na injini yake ya Merlin zaidi ya 100,000. Mpaka leo zipo karakana zinazoifungua Merlin na kuisuka upya. Vulcan hazikufika hata 140, na injini zake za Olympus zilitegemea akiba ya stoo.

Akiba yenyewe ilipata pigo Mei 2012. Unavijua vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokaa kwenye boksi la viatu vipya? Vya aina hiyo huwekwa kwenye injini iliyolala. Ndege ikiwa inaanza kukimbia kupaa, injini moja ikavimeza vilivyosahauliwa humo, mapanga yakakatika. Kwa kuwa injini mbili za upande mmoja hupumua kwa tundu moja, vipande vikaimaliza na jirani yake. Mbili kwa mpigo!

Sicheki. Nilipokuwa kijana karakanani tuliwahi kukosa kitambaa kimoja kwenye hesabu ya jioni. Tuliimulika injini kwa tochi mpaka usiku wa manane, bosi kasimama nyuma yetu, kanuna. Kilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa ovaroli yangu.

Ukipata safari ya Uingereza kiangazi, iwahi Lancaster PA474, ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, ya kikosi cha kumbukumbu kilichopo Coningsby. Duniani zimebaki mbili tu zinazoruka. Ya pili iko Hamilton, Kanada. Ikiwashwa, simama karibu na uzio uzihesabu Merlin zote nne kwa sikio kabla hujatoa simu.