Siku ya nane ya sindano za kuzuia damu kuganda

Nilibadilishwa nyonga ya kulia mwezi Oktoba, nikiwa na umri wa miaka 63, kisha nikaruhusiwa kurudi nyumbani Kongwa, mkoani Dodoma, nikiwa na magongo mawili, vidonge vya maumivu na boksi la sindano za enoxaparini za miligramu 40, ambazo nilitakiwa kuchomwa moja kila siku hadi zitimie siku 28. Namna ya kukaa, kulala na kupanda gari nilielezwa kwa kirefu. Kuhusu sindano niliambiwa tu kwamba zinazuia damu kuganda na kwamba nisiziache. Ninawaandikia wenzangu mnaorudi nyumbani na boksi kama lile, kwa sababu dawa yenyewe haikunihatarisha kama uamuzi niliouchukua mwenyewe ilipoanza kunidhuru.

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akinichoma, tumboni, mbali kidogo na kitovu. Siku za mwanzo yalitokea madoa ya kuvilia damu, na hayo hayapaswi kumtisha mtu: hubadilika rangi na kufifia bila kuwasha. Yalipungua tulipojifunza kubana ngozi mpaka ifanye mkunjo, kuingiza sindano wima, kubadilisha upande kila siku na kutosugua mahali palipochomwa.

Siku ya nane hali ilikuwa tofauti. Kila mahali palipokuwa pamechomwa siku mbili tatu nyuma paligeuka baka jekundu, gumu, lenye upana wa kiganja, nalo likawasha hata nikakosa usingizi. Kwanza nilidhani dawa imeharibiwa na joto, maana maelekezo yake yalisema isizidi nyuzi 25, na Oktoba ya Dodoma huvuka 30 mchana. Duka la dawa walinipa krimu ya fangasi. Katika zahanati niliyokwenda niliambiwa kwamba ni kawaida, nivumilie, wala hakuna aliyeniuliza nimeanza kuchomwa lini. Nikamwambia mpwa wangu tupumzike, na kwa siku mbili sikuchoma chochote.

Hapo ndipo nilipokosea, na ninaomba asikosee mwingine. Baada ya kubadilishwa nyonga au goti, damu huelekea kuganda katika mishipa ya mguu, na bonge likikatika husafiri hadi kwenye mapafu na linaweza kuua kwa muda mfupi. Hatari hiyo huendelea kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, hata kama kidonda kimefunga vizuri. Anayeacha sindano bila kupewa kinga nyingine anabaki wazi.

Siku ya tatu nilimpigia simu muuguzi wa wodi ya mifupa, naye akaniamuru nije siku hiyo hiyo. Tulikodi gari, tukapita Mbande, tukisimama njiani ili ninyooshe mguu. Daktari alitazama mabaka, akauliza tarehe ya sindano ya kwanza, kisha akaagiza kipimo cha picha kamili ya damu, akitaka hasa kujua idadi ya chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia damu kuganda.

Alinieleza kwamba mabaka yanayowasha yakitokea siku kadhaa baada ya kuanza sindano, mara nyingi ni mzio wa ngozi unaochelewa, ambao husumbua lakini si wa hatari. Hata hivyo, hauwezi kutambuliwa kwa macho peke yake, kwa sababu kuna tatizo jingine, adimu na baya, ambalo nalo huweza kuanza na ngozi: mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya heparini, jamii ya dawa ambamo enoxaparini imo, chembe sahani hushuka kwa nusu au zaidi, kwa kawaida kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, na badala ya mgonjwa kutokwa damu, damu yake huganda ovyo. Dawa ya kuzuia mabonge ndiyo inayoyaleta. Kwa hiyo kipimo hakipaswi kungoja, na baka likigeuka jeusi, mguu ukivimba au pumzi ikibana, mtu akimbizwe hospitali saa ile ile.

Chembe sahani zangu zilikuwa sawa. Alinibadilishia vidonge vya rivaroksabani vya miligramu 10, kimoja kwa siku, ambavyo navyo huzuia damu kuganda lakini si vya jamii ya heparini, wala hakunipa sindano ya jina jingine, kwa kuwa mzio huo mara nyingi hufuata jamii nzima ya heparini. Mabaka yalififia taratibu. Tangu hapo ninaamini kwamba neno "vumilia" halitoshi kwa mgonjwa wa aina hii. Aombe kupimwa, aombe na mbadala. Aseme pia kama ana ugonjwa wa figo, kwani dawa hizi hutolewa mwilini kwa njia ya figo, na asijinunulie dawa ya maumivu ya diklofenaki, maana huongeza hatari ya kutokwa damu.

Jirani yangu Mwislamu aliniuliza, naye alikuwa na haki ya kuuliza, kama ni kweli enoxaparini hutokana na utumbo wa nguruwe. Ni kweli. Mwenye kuguswa na jambo hilo amwambie daktari kabla ya upasuaji, kwa kuwa mbadala upo.

Kadi yangu ya kliniki sasa ina maandishi ya wino mwekundu kwenye jalada: "Mzio wa heparini, siku ya 8". Mpwa wangu ana picha ya kadi hiyo kwenye simu.