Wasomaji Wanauliza: Miji Mingi au Michache?

Swali: Ndugu Mhariri, ninasoma kwa muhula mmoja mjini Bologna, Italia. Wenzangu wamepanga kwenda Paris, Prague, London na miji mingine mikuu, kila mwisho wa juma mji mmoja. Ninaipenda historia, lakini nachelea kwamba nitarudi na picha tu. Je, niandamane nao?

Jibu: Ndugu mwanafunzi, ninakushauri uanze na miji iliyo karibu nawe, tena kwa mpangilio ambao mji mmoja utakusaidia kuuelewa mwingine. Padova, Ravenna na Firenze zote hufikika kwa treni kutoka Bologna, na unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Tangulia Padova, ambako mwanaastronomia Galileo alifundisha chuo kikuu kuanzia mwaka 1592 hadi 1610, miaka aliyokuja kuikumbuka uzeeni kuwa ndiyo bora kuliko yote ya maisha yake. Chuo hicho hicho ndicho kilichomtunuku Elena Cornaro Piscopia udaktari wa falsafa mwaka 1678, jambo ambalo wanawake wengi wa Ulaya walilisubiri kwa karne mbili zaidi. Ukitaka kuiona michoro ya ukutani ya mchoraji Giotto katika kikanisa kiitwacho Cappella degli Scrovegni, agiza tiketi mapema, kwa kuwa wageni huingizwa kwa makundi madogo na kwa muda mfupi.

Kisha nenda Ravenna, na huko usiharakishe. Katika kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547, utawaona Mfalme Justinian wa Dola ya Roma ya Mashariki na mkewe, Malkia Theodora, wakiwa wamepambwa ukutani kwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu ambavyo mng'ao wake hubadilika kadiri unavyosogea; hakuna picha ya simu iwezayo kuunasa. Hatua chache kutoka katikati ya mji lipo kaburi la Dante, mshairi aliyefukuzwa Firenze mwaka 1302 na kufia Ravenna mwaka 1321. Firenze ilipotaka kuyachukua mabaki yake, watawa wa Ravenna waliificha mifupa, na hadi leo Firenze hupeleka kila mwaka mafuta ya taa inayowaka kaburini hapo.

Firenze iwe ya mwisho. Kuba la kanisa kuu lililojengwa na msanifu Brunelleschi, lililokamilika mwaka 1436, utaliona tu hata usipolitafuta. Mimi ningekuomba uingie kwanza katika kanisa la Santa Croce. Humo kuna kaburi la Galileo, ambaye alifariki mwaka 1642 akiwa bado katika kifungo cha nyumbani alichohukumiwa na Kanisa kwa kutetea kwamba dunia hulizunguka jua, na hakupewa kaburi la heshima hadi mwaka 1737, na pia kaburi kubwa la Dante lisilo na mtu ndani. Aliyekwisha kufika Padova na Ravenna ndiye atakayeelewa uzito wa makaburi hayo mawili.

Wenzako nao usiwasuse. Wafuate hadi Prague, ambako chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1348. Kibali cha ukaazi cha Italia hukuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani baina yao) kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, lakini Uingereza haimo katika mpango huo, hivyo hakikisha masharti ya viza kwa pasipoti yako kabla ya kulipia safari ya London. Na ukinunua tiketi ya karatasi ya treni za mikoa nchini Italia, igonge muhuri katika mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini.